IMAMU GHAZALI: ALIYETAKA NASAHA KABLA YA KUITOA

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, Bwana wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Katika miji yetu ya pwani nasaha hazikupungua. Kilichopungua ni rehema ndani yake. Mtu akifiwa na mwanawe, hata udongo wa kaburi haujakauka, hutokea wa kumkemea kwa machozi yake. Mume na mke wakikosana, khabari zao hufika barazani kabla hazijawafikia wazee wa pande mbili. Kijana akiteleza, husomewa makosa yake mbele ya rika zake, kisha twastaajabu kwa nini haonekani tena msikitini. Na kila mmoja katika hao wasemao hurudi nyumbani akijiona ametimiza wajibu wake, kwani sote tumefundishwa kuwa kunasihiana ni katika dini. Naam, ni katika dini. Lakini hata dawa ikinyweshwa asiyeihitaji humdhuru.

Kwa sababu hiyo tumeona, badala ya kuandika juu ya adabu za nasaha kwa maneno matupu, tuandike maisha ya mtu mmoja aliyenasihiwa na wakubwa na wadogo, akanasihi wakubwa na wadogo, na katikati ya mambo hayo mawili akapita katika huzuni iliyomfunga ulimi. Huyo ni Imamu Abu Hamid Muhammad bin Muhammad al-Ghazali, aliyepewa lakabu ya Hujjatul-Islam. Jina lake si geni kwetu. Vitabu vyake vya fikihi vimo katika misingi ya madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya watu wengi wa pwani. Na Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 1947, alipoanzisha madrasa yake pale Mombasa aliipa jina la Ghazali. Hata hivyo wengi wetu twakijua kitabu chake cha Ihya kwa jina, na maisha yake hatuyajui kabisa.

WATOTO WAWILI MAYATIMA

Alizaliwa mwaka 450 wa Hijra, sawa na 1058 Miladi, katika mji wa Tus, nchi ya Khurasan, mahali ambapo leo ni Iran karibu na Mashhad. Imepokewa kuwa baba yake alikuwa mtu maskini, msokotaji wa sufi, akila kwa kazi ya mikono yake. Hakujaaliwa elimu, lakini alipenda kukaa na wenye elimu na kuwatumikia. Akiwasikia mafakihi, hulia na kumwomba Mungu ampe mtoto fakihi. Akiwasikia wenye kuwaidhi, hulia na kuomba mtoto mwaidhi. Mungu akamruzuku wote wawili: Muhammad akawa imamu wa mafakihi, na ndugu yake Ahmad akawa mwaidhi mashuhuri. Baba mwenyewe hakuyaona hayo. Alipohisi mauti yamemkaribia aliwausia wanawe kwa rafiki yake mmoja, mtu mwema wa njia ya kisufi, akampa kila kidogo alichokuwa nacho, akamwomba awasomeshe mpaka mali iishe.

Mali ilikuwa kidogo, ikaisha. Hapo rafiki yule alikuwa na njia mbili. Angeweza kuwanyamazia watoto na kuwaacha wang'amue wenyewe kwa njaa. Au angeweza kuwafukuza. Hakufanya hili wala lile. Aliwaketisha, akawaambia wazi kuwa amewatumilia chote kilichokuwa chao, na kuwa yeye ni fakiri asiye na cha kuwapa, kisha akawaonyesha mlango: wajiunge na madrasa kama wanafunzi wengine, wapate chakula chao humo na elimu pamoja nacho. Wakafanya hivyo, na ikawa ndiyo sababu ya kheri yao yote.

Tuitazame nasaha hii, kwani ndiyo ya kwanza tuijuayo katika maisha yake. Ilikuwa na mambo matatu: ukweli usiofichwa, udhuru wa msemaji mwenyewe, na njia ya kutokea. Wangapi katika sisi huwaambia mayatima na wajane ukweli bila ya kuwaonyesha njia? Na wangapi huwaahidi njia kwa haya, hali wajua kuwa mkononi hawana kitu? Ghazali alipokuwa mkubwa hakuionea aibu khabari hii. Alikuwa akisimulia kuwa wao waliitafuta elimu kwa ajili ya kitu kingine kisichokuwa Mungu, lakini elimu yenyewe ikakataa isipokuwa iwe kwa ajili ya Mungu.

NASAHA YA MNYANG'ANYI

Alipokuwa kijana alisafiri hadi Jurjan kusoma, akaandika kwa mkono wake yote aliyoyasikia kwa mwalimu wake. Wakati wa kurudi, wanyang'anyi waliuvamia msafara wao wakachukua kila kitu. Ghazali akawafuata nyuma. Mkubwa wao akamwonya arudi asije akauawa. Akamwomba wamrudishie mkoba mmoja tu, usio na faida kwao, kwani ndani yake mna maandiko ya elimu yake aliyoiendea safari. Mnyang'anyi akacheka, akamwuliza ataidai vipi elimu hiyo kuwa ni yake, ikiwa kuchukuliwa mkoba kumemwacha hana kitu. Kisha akaamrisha arudishiwe.

Mwingine angesema: huyu ni mwizi, ana haki gani ya kunifunza? Ghazali aliona kuwa Mungu amemtamkisha yule mtu ili amwongoze. Alipofika Tus alikaa miaka mitatu akiyahifadhi yote aliyoyaandika, hata akawa hawezi kunyang'anywa tena. Miaka mingi baadaye, alipoandika juu ya njia za mtu kuzijua aibu zake, aliutaja ulimi wa adui kuwa ni mmoja katika walimu, kwani adui hutuambia yale ambayo rafiki huona haya kuyasema.

UTUKUFU WA BAGHDAD

Kutoka Tus alikwenda Nishapur akasoma kwa Imamu al-Haramayn al-Juwayni mpaka alipofariki imamu huyo mwaka 478 (1085). Kisha akaingia katika baraza ya waziri mkubwa Nidham al-Mulk, akawashinda maulamaa wa zama zake kwa hoja. Mwaka 484 (1091), hali umri wake haujafika miaka thelathini na mitano, waziri akampeleka kuwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nidhamiya, Baghdad. Wanafunzi mia tatu walikuwa wakikaa mbele yake. Mavazi yake, wanyama wake wa kupanda na heshima yake kwa makhalifa na masultani vilikuwa maneno ya watu.

Hatutakaa sana hapa, kwani utukufu wa namna hii wengi wameusimulia. Twataka msomaji akumbuke jambo moja tu: katika miaka hiyo minne alikuwa mtu wa kuulizwa kila kitu na kila mtu. Fatwa zikitoka kwake, nasaha zikitoka kwake. Na katika miaka hiyo hiyo aliona dunia inavyoporomoka. Katika Ramadhani ya mwaka 485 (1092) Nidham al-Mulk, aliyemwinua, aliuawa. Na mwezi uliofuata Sultani Malikshah naye akafariki. Wakubwa wawili wa dola wakawa mchangani kwa muda wa wiki chache.

ULIMI ULIPOFUNGIKA

Katika mwezi wa Rajab mwaka 488 (Julai 1095) likamfika lililomfika. Yeye mwenyewe ameieleza khabari hii katika kitabu chake cha Al-Munqidh min ad-Dhalal, bila ya kujipamba. Aliitazama kazi yake ya kusomesha, ambayo ndiyo iliyokuwa bora ya kazi zake, akaona nia iliyomo si ya Mungu, bali ni kutaka jaha na kuenea kwa sifa. Akajiona yuko ukingoni mwa shimo. Akawa asubuhi huazimia kuondoka Baghdad na jioni huvunja azimio. Mguu mmoja huutanguliza na mwingine huuzuia. Akakaa hali hiyo karibu miezi sita.

Mwishoni ulimi wake ukakataa. Alijaribu siku moja kusomesha, kwa kuwahurumia wanafunzi waliokuwa wakimjia, asiweze kutamka hata neno moja. Kufungika kwa ulimi kukazaa huzuni ndani ya moyo, na huzuni ikamharibia tumbo, hata akawa chakula hakimshuki wala kinywaji. Nguvu zikamwisha. Matabibu walipokuja walimtazama, wakasema kuwa jambo hili limeshuka moyoni na kutoka moyoni limeenea mwilini, na kuwa hapana dawa mpaka moyo upumzike na hamu iliyouingia.

Ewe ndugu msomaji, simama hapa kidogo. Mgonjwa huyu ni Hujjatul-Islam. Hapana awezaye kusema kuwa elimu yake ilikuwa chache au kuwa hakujua Qur'ani. Na bado huzuni ilimwangusha kitandani. Nasi katika miji yetu, mtu akishikwa na huzuni ya namna hii, mwanamke aliyepoteza mimba, au mzee aliyezikwa mwenziwe wa miaka arubaini, au kijana aliyeharibikiwa na kazi na uchumba kwa pamoja, twamwambia mojawapo ya mambo mawili: ama imani yake ni dhaifu, ama amerogwa. Wa kwanza twamwongezea aibu juu ya msiba. Wa pili twampeleka kwa mganga akamaliza fedha yake kwa hirizi na kombe. Matabibu wa Baghdad walikuwa na adabu kuliko sisi. Hawakumlaumu, hawakujidai kuijua dawa wasiyoijua, wakautambua ugonjwa wa moyo kuwa ni ugonjwa. Mwenye huzuni ya kumshinda apelekwe kwa tabibu mwenye kujua, na nduguze wakae karibu naye wamsikilize, na Mungu aombwe. Na hayo yote hayapingani.

Ghazali alimlilia Mola wake kilio cha mtu asiye na hila, na ikawa nyepesi juu ya moyo wake kuiacha jaha, na mali, na watoto, na marafiki. Katika mwezi wa Dhul-Qaada wa mwaka huo huo akatoka Baghdad. Aliigawa mali yake, asibakishe ila kiasi cha kumtosha yeye na chakula cha watoto wake. Ndugu yake Ahmad akashika nafasi yake ya kusomesha. Watu walisema mengi: wengine walidhani ameghadhibikiwa na watawala, wengine wakasema ni jicho baya lililoupata Uislamu.  Hivyo ndivyo zilivyo baraza, za Baghdad na za kwetu.

MIAKA YA UPWEKE

Akaenda Damascus, akakaa Sham karibu miaka miwili. Alikuwa akipanda mnara wa msikiti wa Bani Umayya, akaufunga mlango na kukaa humo mchana kutwa. Kisha akaenda Baitul-Maqdis, akawa kila siku huingia katika Qubba ya Mwamba na kujifungia. Akazuru Al-Khalil, mji wa Nabii Ibrahim, na huko akaweka ahadi tatu: asipokee mali ya sultani, asiende baraza ya sultani, na asibishane na mtu kwa ajili ya kushinda. Kisha akahiji na kuzuru Madina.

Kisha nini kilimrudisha kwao? Yeye mwenyewe anasema ni wito wa watoto. Alikuwa ameapa moyoni kuwa ndiye mtu wa mbali kabisa na kurudi, akarudi. Nasi hatutaficha: kuna anayeuliza kama ilikuwa haki kuwaacha watoto hata kwa ajili ya kuitafuta njia ya Mungu. Twajibu kuwa aliwaachia chakula, na kuwa hatimaye sauti zao zilikuwa na nguvu kuliko upweke wake. Lakini hatusemi kuwa kila mtu afanye alivyofanya. Mwenye kuona moyo wake umechafuka asijifanye Ghazali akamkimbia mkewe. Aige kurudi kwake. Kwani huko Tus, anasema, haja za watoto na dharura za maisha zilimvuruga utulivu wake, asiupate ila mara kwa mara, na hata hivyo hakukata tamaa. Hapo ndipo tulipo sisi wengi: katikati ya kelele za nyumba, tukiutafuta utulivu kidogo kidogo.

ALIYOYAANDIKA JUU YA RAFIKI, MKE NA MSIBA

Matunda ya miaka hiyo ni Ihya Ulum ad-Din, vitabu arubaini katika robo nne. Kabla ya kuyataja yaliyomo ni haki kusema kuwa maulamaa wa baada yake wameikosoa Ihya kwa hadithi dhaifu zilizomo. Al-Hafidh al-Iraqi, aliyefariki mwaka 806 (1404), alizitafuta asili zake moja moja na kueleza iliyo sahihi na isiyo sahihi. Msomaji wa leo ashike Ihya kwa mkono mmoja na takhrij ya al-Iraqi kwa mkono wa pili; huko si kumvunjia heshima Ghazali.

Katika kitabu cha udugu na urafiki ametaja haki nane za ndugu juu ya nduguye. Katika hizo mna kumsaidia kwa mali na kwa nafsi, kuzinyamazia aibu zake, kumsamehe, kumwombea akiwa hai na akiwa maiti, na kumpunguzia mizigo asimtaabishe kwa kujikalifisha. Ama kumwambia kosa lake, ameweka sharti moja kubwa: iwe kwa siri, mahali asipoona mwingine. Likisemwa mbele za watu ni kukemea na kufedhehesha. Likisemwa kwa siri ni huruma na nasaha. Maneno yaweza kuwa yale yale, na mwenye kuyasema yule yule. Kilichogeuza hukumu yake ni idadi ya masikio. Na kama kosa ni juu ya haki yako wewe, si juu ya haki ya Mungu, amependelea ulivumilie na ulisahau.

Na ndugu akizama katika maasi, aachwe? Hapo ametaja kuwa masahaba walikuwa na njia mbili. Abu Dharr aliona akatwe, kwa kuwa amegeuka na lile alilopendewa. Abu Dardaa aliona asiachwe, kwani leo amepinda, kesho huenda akanyoka. Ghazali ameipendelea njia ya pili, akaiona ni yenye upole na fahamu zaidi. Aliyefungwa na umaskini twamwendea. Basi vipi tumkimbie aliyefungwa na dhambi, naye haja yake ni kubwa zaidi? Akikatwa, hana wa kumvuta. Akibaki na rafiki mwema, haya ya rafiki huyo yaweza kumrudisha. Wazee wenye vijana waliopotea katika ulevi na bangi na walifikiri sana neno hili kabla ya kufunga mlango wa nyumba.

Katika kitabu cha ndoa ameandika kuwa wema wa mume kwa mkewe hauishi katika kutomuudhi, wema ni kuyastahimili maudhi yake, na kuwa mpole mbele ya ghadhabu yake, kwa kumfuata Mtume (s.a.w.), ambaye wakeze walikuwa wakimjibu naye akistahimili. Akaongeza kuwa mtu afanye mzaha na mkewe na acheze naye, kwani Mtume alishindana mbio na Bibi Aisha. Katika kitabu hicho hicho mna maneno makali juu ya wanawake, ya watu wa zama zake na kabla yake, ambayo hatuoni sababu ya kuyashika. Mume wa kwetu huyahifadhi hayo makali, na ya mbio hayajui.

Na katika msiba, ameeleza katika kitabu cha subira kuwa uchungu wa moyo na kutiririka kwa machozi havimtoi mtu katika daraja ya wenye kusubiri, kwani hayo ni tabia ya ubinadamu isiyomwacha mtu mpaka mauti. Na Mtume mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahim. Kinachokatazwa ni kupasua nguo, kujipiga na kulalamikia kadari ya Mungu. Basi ndugu zetu waendao kuhani wasiwaambie mama wa maiti wanyamaze. Na kwa aliyefiwa na mtoto ana mfano mwema: baba na mwana walikuwa safarini wakielekea mji wao, mwana akatangulia kufika. Baba hangehuzunika sana, kwani ajua kuwa naye yuko njiani na atafika karibuni. Mfano huu haumwambii mfiwa kuwa hakupoteza kitu. Wamwambia kuwa njia ni moja.

Ama mwenye kutaka kuitengeneza nafsi yake, ametajiwa njia nne za kuzijua aibu zake: akae mbele ya mwalimu mwenye kuona, amtafute rafiki wa kweli amwangalizie hali zake, kama Sayyidna Umar alivyokuwa akimwuliza Salman juu ya aibu zake, asikilize maneno ya adui zake, na achanganyike na watu, kila alionalo baya kwao ajitazame kama na yeye analo. Akasema kuwa tukiambiwa kuna nge ndani ya nguo zetu tungemshukuru aliyetuambia, tukashughulika kumtoa nge. Lakini tukiambiwa aibu ya tabia, ambayo sumu yake hufika akhera, twamkasirikia msemaji na kuanza kuzihesabu aibu zake. Na mwalimu naye amemfananisha na tabibu: akiwatibu wagonjwa wote kwa dawa moja atawaua wengi wao. Hana budi autazame ugonjwa, na umri, na hali ya mgonjwa, na kadiri awezayo kustahimili.

BARUA KWA MWANAFUNZI

Katika siku zake za mwisho mwanafunzi wake mmoja, aliyekuwa amesoma elimu nyingi, alimwandikia akitaka nasaha fupi ya kuishika maisha yake yote. Alijua kuwa majibu yake yamo katika Ihya na vitabu vinginevyo. Hata hivyo alitaka karatasi yake mwenyewe. Ghazali hakumwambia akasome kitabu. Alimjibu kwa risala ijulikanayo kwa jina la Ayyuhal-Walad, akimwita mwanangu kila baada ya maneno machache.

Katika risala hiyo amemwonyesha kuwa kutoa nasaha ni rahisi, taabu ni kuikubali. Amemwonya asiwaidhi watu kabla ya kujiwaidhi. Kuna maswali aliyokataa kuyajibu, kwa kuwa ni mambo ya kuonjwa, hayafahamiki kwa maneno. Na amemgawia wenye kuuliza katika mafungu manne: mwenye kuuliza kwa husuda, mwenye kuuliza kwa upumbavu, mwenye kuuliza lile ambalo fahamu zake hazijalifikia, na mwenye kutaka uwongofu kwa moyo safi. Wa mwisho peke yake ndiye mwenye ugonjwa unaotibika, na kujishughulisha kumjibu ni wajibu. Akamaliza kwa kumwandikia dua ya kuomba. Hili nalo ni la kuigwa: nasaha ikianza kwa kumwita mtu mwanangu na kuisha kwa dua, hata lililo kali katikati humezeka.

KURUDI NA KUONDOKA

Mwaka 499 (1106), waziri Fakhr al-Mulk, mwana wa Nidham al-Mulk, alimtaka arudi kusomesha Nishapur. Ghazali hakutegemea rai yake peke yake, ijapokuwa wakati huo alikuwa mwanachuoni mkubwa wa Mashariki. Aliwataka shauri watu wa nyoyo safi, wakakubaliana wote kuwa atoke katika upweke wake. Akatoka. Akasema kuwa ingawa kwa dhahiri amerudi katika kazi yake ya zamani, kwa kweli hakurudi, kwani zamani alikuwa akiieneza elimu ya kupatia jaha, na sasa alikuwa akiita kwenye elimu ya kuiacha jaha. Kwa watawala alikuwa na ulimi mwingine: alimwandikia Sultani Sanjar kuwaombea watu wa Tus walioelemewa na dhulma na uharibifu wa mazao, na hakulainisha. Ukali aliuweka kwa wenye nguvu, na upole kwa wanyonge; sisi mara nyingi twafanya kinyume.

Hakukaa sana Nishapur. Alirudi Tus akajenga karibu na nyumba yake madrasa ya wanafunzi na makazi ya masufi, akaugawa wakati wake baina ya kusoma Qur'ani, kukaa na watu wema na kusomesha. Aliyekuwa mwalimu wa mia tatu akarudi kuwa mwanafunzi, akashughulika na hadithi za Bukhari na Muslim. Alifariki siku ya Jumatatu, 14 Jumada al-Akhir 505, sawa na 18 Desemba 1111, akawaacha mabinti.

Imepokewa kwa ndugu yake Ahmad kuwa asubuhi ile alitawadha akasali, akataka sanda yake, akaibusu na kuiweka machoni, akatamka utii wake kwa Mola anayemwita, kisha akanyoosha miguu na kuelekea Kibla. Na imepokewa kuwa karibu na kufa mmoja katika wenziwe alimtaka nasaha. Alimwusia ikhlasi, yaani kumsafia Mungu nia, akawa anairudia mpaka roho ikatoka.

Mtu aliyeandika vitabu arubaini katika Ihya peke yake, nasaha yake ya mwisho ilikuwa neno moja, na neno hilo ndilo ambalo ukosefu wake ulimfunga ulimi Baghdad miaka kumi na saba kabla yake. Alimpa mwenziwe dawa aliyokwisha kuinywa mwenyewe.

Basi ndugu zetu, kabla hatujamfuata mtu kumnasihi, na tujiulize: ni nani aliyetunasihi sisi mara ya mwisho, na je, tulimkubali? Kama hatumkumbuki, tuanze hapo. Na tukiwa na neno kwa ndugu yetu, tumngojee watu watoke barazani, tumshike mkono, tutembee naye kidogo.

Mwenyezi Mungu amrehemu Imamu Ghazali, awarehemu maiti zetu na maiti wa Waislamu wote, awape subira wafiwa wetu, azipatanishe nyumba zetu, na atujaalie katika wale wanaosikiliza neno wakafuata lililo bora. Amin.

Wabillahi tawfiq.